Ukosefu wa kazi Mwanza: ujira kwanza, mikopo baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu ukosefu wa kazi, hasa ule unaoletwa na kuyumba kwa uchumi, ambapo mtu aliyekuwa na kazi jana leo hana, na hakuna kosa alilofanya. Katika kurasa zenu nimesoma makala nyingi zinazowahimiza vijana wajiajiri, waunde vikundi, wachukue mikopo ya halmashauri. Wanaoandika hayo wana nia njema. Lakini mimi nauza chakula karibu na geti la kiwanda cha samaki hapa Mwanza, na ninayoyaona yananifanya niamini kwamba ushauri huo unatolewa kabla ya wakati wake. Uchumi unapodorora, anayepotea kwanza ni mteja. Serikali ikianza kwa kugawa mikopo, inampa mtu deni huku hana wa kumuuzia.

Kiwanda kikiwa na mzigo, zamu huwa mbili, wakati mwingine tatu. Wanaokata minofu, wanaoosha, wanaopaki na kubeba barafu, wengi wao ni vibarua wa kutwa, deiwaka kama tunavyowaita. Alfajiri wanasimama getini, msimamizi anatoka na karatasi, anasoma majina. Aliyesomwa anaingia, na mimi hapo hapo nimeshajua kwamba mchana nitamuuzia sahani. Asiyesomwa anasubiri mpaka saa mbili, huenda kuna mwenzake ambaye hajafika, kisha anaondoka kwa miguu. Sasa sangara wakiadimika, au wanunuzi wa Ulaya wakipunguza oda, ile karatasi inafupishwa na zamu ya usiku inaondolewa.

Mwanzoni wateja bado wanakuja, ila aliyekuwa anakula wali nyama anahamia ugali maharage. Baadaye anaomba nimwandike kwenye daftari. Kisha wanakuja wawili na kugawana sahani moja. Mwisho hawaji. Mimi nami nilikuwa nachukua viroba vya sembe kwa mwenye mashine ya kusaga Nyakato, naagiza mkaa gunia zima, nanunua dagaa Mwaloni Kirumba kwa debe. Siku hizi nachukua kiroba kimoja, mkaa napima kwa kisado. Binti aliyekuwa akiosha vyombo na kupeleka chakula ndani nimelazimika kumwambia abaki nyumbani. Alikuwa analipa nauli ya daladala kutoka Buhongwa kila siku, ananunua vocha, anamtumia mama yake Kwimba chochote kila mwisho wa wiki. Konda, muuza vocha na yule mama wa Kwimba hawajawahi kukanyaga kiwandani, lakini wote wamepunguziwa riziki na karatasi ya getini.

Na waliotoka kiwandani wameenda wapi? Wengine wamechukua bodaboda kwa mkataba. Wengine wamepanga nyanya na vitunguu chini. Wengine wanakaanga chipsi. Kijiwe cha njia panda yetu kimejaa pikipiki, na abiria wamepungua, kwa kuwa asiye na kazi anatembea kwa miguu. Lakini hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye pikipiki ni ile ile kila jioni, iwe umepata abiria au hukupata. Vijana hawa hawakosi bidii hata kidogo. Wanaamka kabla yangu. Yeyote anayesema vijana wa mjini ni wavivu namkaribisha aje asimame pale kijiweni saa kumi na moja alfajiri.

Mikopo nayo nimeiona kwa karibu. Kwa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudishwa 2024, na iliporudishwa nilifurahi, kwa sababu nawajua wanawake walioinuka kwa fedha hizo. Lakini angalia kilichotokea mtaani kwetu hali ilipokuwa mbaya. Kikundi cha akina mama kilikopa kikaanza kutengeneza sabuni ya maji. Mtaa wa pili kikundi kingine, sabuni ya maji. Ng'ambo ya barabara, vijana, sabuni ya maji vilevile. Wote walihudhuria mafunzo ya aina moja, na wote wanawategemea wanunuzi wale wale ambao wameacha hata kununua nyama. Muda wa marejesho ulipofika niliona kina mama wakiuza kuku na vitenge vyao ili wasiaibike mbele ya afisa maendeleo ya jamii. Mkopo uliowainua watu mwaka wa neema, mwaka huo uliwatoa vitenge mwilini.

Kabla ya kustaafu nilifundisha Historia sekondari, na mada ya Mdororo Mkuu wa Uchumi ulioanza 1929 nimeifundisha kidato cha nne mwaka baada ya mwaka. Wanafunzi hukariri sababu na matokeo, wakajibu mtihani, yakaishia hapo. Leo naitazama mada ile kwa macho ya mtu anayeuza chakula, na naona tuliwapitisha haraka mahali palipokuwa na somo kubwa.

Mwaka 1933 nchini Marekani karibu mtu mmoja kati ya wanne wa nguvukazi hakuwa na kazi. Rais Roosevelt aliapishwa mwezi Machi mwaka huo, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amesaini sheria ya kuanzisha kikosi cha vijana cha kupanda miti, kuzuia mmomonyoko wa udongo na kujenga njia katika hifadhi. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo 25 zilipelekwa moja kwa moja kwa familia yake. Nawaomba wasomaji watulie hapo kidogo. Zile dola 25 zilifika dukani, kwa muuza maziwa, kwa mwenye nyumba, tena katika mji ambao kijana mwenyewe hayupo. Hadi kikosi kinavunjwa 1942, vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepita humo. Mwaka 1935 ulianzishwa mpango mwingine mkubwa zaidi, ambao hadi 1943 ulikuwa umewaajiri watu kama milioni 8.5 kwa nyakati mbalimbali, kujenga barabara, shule, madaraja na viwanja vya ndege, na hata kuwalipa walimu na wanamuziki waliokuwa wamekosa kazi. Roosevelt naye hakuimaliza shida yote. Alipobana matumizi mwaka 1937, uchumi ulianguka tena na waliokosa kazi wakaongezeka, na ni viwanda vya vita vilivyokuja kulimaliza tatizo. Lakini kwa miaka ile kumi, mamilioni ya familia walikula kwa jasho lao.

Sisi Tanganyika wakati huo huo tulifanyiwa nini? Bei ya mkonge ilianguka, mashamba yakapunguza vibarua, bei ya pamba nayo ikashuka. Serikali ya kikoloni ikapita vijijini na kampeni ya kuwataka wakulima walime zaidi, maana kodi ilikuwa lazima ilipwe. Mkulima aliambiwa azidishe zao ambalo bei yake imekwisha anguka. Nikisikia leo vijana waliopunguzwa kiwandani wakiambiwa waanzishe biashara katika mji ambao hauna wanunuzi, nakumbuka kampeni ile.

Mwanza yenyewe imeshapita katika hali hii zaidi ya mara moja. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kufuatia taarifa za uvuvi wa sumu. Viwanda vilibanwa, bei ya sangara mwaloni ikaporomoka, na marufuku haikuondolewa hadi mwaka 2000. Serikali ilishughulikia ukaguzi na ubora, na ilifanya sawa, maana bila hivyo soko lisingefunguka. Lakini kibarua wa kiwandani alikaa miezi yote hiyo akisubiri taarifa ya redio. Nilikuwa darasani wakati ule. Watoto wa wakata minofu walianza kukosa ada, wakaanza kukosa shule, na wapo ambao marufuku ilipoondolewa hawakurudi tena. Hao leo ni watu wazima, na baadhi yao ndio wanaosimama getini alfajiri.

Mwaka 2009, msukosuko wa fedha wa dunia ulipotufikia, Rais Kikwete alitangaza Dodoma mwezi Juni mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi. Sehemu ya mpango huo ilikuwa kufidia hasara za wanunuzi wa pamba na kuwapa unafuu waliokuwa na mikopo benki. Sibezi hatua hiyo. Mnunuzi wa pamba akifilisika, msimu unaofuata mkulima wa Magu na Misungwi hana pa kupeleka mzigo. Ila ule ulikuwa msaada wa juu kushuka chini, na aliyekuwa akibeba marobota kwenye kinu cha kuchambulia pamba hakuona hata senti.

Halafu ukaja ugonjwa wa UVIKO-19. Machi 2020 ndege zilisimama, na minofu mibichi husafiri kwa ndege. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, ambayo huenda China yakakosa wanunuzi. Tuliteseka. Lakini mwishoni mwa 2021 nikaona jambo ambalo ndilo limenisukuma kuandika barua hii. Serikali ya Rais Samia ilipata mkopo nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikaelekezwa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, shilingi milioni 20 kwa kila darasa, kwa utaratibu wa fosi akaunti: kamati ya shule inanunua vifaa, fundi wa hapo hapo anajenga. Ghafla kila kata ilikuwa na kazi. Fundi Saidi wa jirani alipata kazi, na kila fundi alikuwa na saidia fundi wake, na kila saidia fundi anakula. Wanawake walibeba maji na kokoto wakalipwa. Wakati ule niliuza chakula zaidi kwenye eneo la shule kuliko nilivyouza getini. Saruji na nondo zilipanda bei kwa kuwa wote walinunua kwa pamoja, na mambo mengine yalikwenda harakaharaka mno. Lakini Januari watoto waliingia madarasani, na hela ilikuwa imeshazunguka mtaani. Mafunzo ya ujasiriamali mangapi yangeweza kufanya hivyo kwa miezi ile michache?

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba serikali, kuanzia halmashauri, iwe na orodha ya kazi za mikono zilizokwisha pimwa na kuchorwa, zikisubiri tu siku ambayo uchumi unayumba. Orodha ikianza kutafutwa baada ya viwanda kupunguza watu, mwaka unapita kwenye vikao.

Na Mwanza kazi hizo tunazikanyaga kila siku. Nichukue barabara za mawe. Jiji hili limejengwa juu ya mawe na miteremko. Lami ikimwagwa mlimani bila mitaro, masika mbili tatu inachimbika. Barabara ya mawe, ikipangwa vizuri, inakaa. Nimewaangalia wanavyofanya kazi kwenye kilima cha jirani. Mwamba unachomwa moto mpaka unapata nyufa, mtaimbo unaingia, jiwe linashuka. Wanaume wenye nyundo na tindo wanalichonga upande mmoja uwe bapa. Akina mama na wazee wanaponda mabaki kuwa kokoto, wamekaa kwenye vivuli vya magunia. Chini barabarani kuna wanaosawazisha mchanga, wanaopanga jiwe kwa jiwe kwa kamba, na wanaojaza nafasi kati ya mawe. Katika kazi hiyo nzima kinachotoka nje ya mji ni saruji na dizeli ya lori. Fedha nyingine yote inaishia mikononi mwa watu wanaokaa Igogo, Mabatini, Kitangiri na Isamilo. Linganisha na barabara inayojengwa kwa kijiko na greda la kukodi: hapo sehemu kubwa ya fedha inaenda kwenye mafuta na mashine, na watu wanasimama pembeni kutazama. Ethiopia walifanya mawe ya kupanga barabarani kuwa kazi ya vijana wa mijini tangu miaka ya 2000. Sisi tuna mawe mengi, na Mbeya tuna chuo cha ATTI kinachofundisha ujenzi wa barabara kwa nguvukazi. Ujuzi hatuombi kwa mtu.

Kuna mitaro ya kuzibuliwa kabla ya mvua, hasa kando ya Mto Mirongo, ambao wakazi wa Mabatini wanaujua ukifurika. Kuna ngazi za kupandia vilimani, ambako mjamzito anashuka juu ya mawe matupu usiku akienda zahanati. Kuna gugu maji linaloziba mialo. Kuna vyoo vya shule.

Watasema TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ipo. Ipo, na kazi zake za ajira ya muda zimesaidia kaya maskini, nawapongeza. Lakini TASAF huenda kwa rejista ya kaya zilizotambuliwa mapema kwamba ni maskini sana. Mkata minofu aliyepunguzwa jana hayumo. Ana televisheni na kochi ndani, afisa akija kumtathmini atamwona ana uwezo, wakati yeye maji yameshazidi unga. Ndiyo maana nasema lazima kuwe na mlango ambao mtu anaugonga mwenyewe. India walipitisha sheria mwaka 2005 iliyoipa kila kaya ya kijijini haki ya kudai kazi ya siku 100 kwa mwaka. Ukiomba, upewe ndani ya siku 15, la sivyo ulipwe posho ya kukosa kazi. Sheria hiyo ilitaka pia angalau theluthi moja ya wanaopewa kazi wawe wanawake, na penye watoto wadogo watano au zaidi kwenye eneo la kazi awepo mtu wa kuwaangalia. Kilichowasumbua sana ni ucheleweshaji wa malipo, na hapo ndipo mahali ninapoogopa kwa upande wetu.

Maana ujira ukichelewa, mpango mzima umekufa. Mtu mwenye njaa hawezi kufanya kazi mwezi mzima akisubiri mfumo usome. Mimi niliwahi kulisha semina ya taasisi moja ya umma, nikakopa mchele na nyama kwa jina langu, na malipo yakachelewa kiasi kwamba mwenye bucha aliacha kunisalimia. Wapo mafundi, wauza kokoto na wenye stationari mjini hapa wanaoidai serikali na huku wanadaiwa na benki. Njia ya haraka kuliko zote ya kuingiza fedha mtaani wakati wa dhiki ni serikali kulipa inachodaiwa na watu wadogo. Haihitaji mradi mpya wala mtaalamu mshauri. Anayelipwa deni lake leo, kesho anamlipa mwingine. Vibarua wa kazi za mitaa walipwe kila wiki kwa simu, majina na kiasi vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa asiwe na nafasi ya kuchomeka mpwa wake.

Ujira wenyewe uwe kiasi gani? Usishuke chini ya kima cha chini cha sheria, ila uwe chini kidogo ya kinachopatikana kiwandani, ili zamu zikirudi watu warudi kwenye kazi zao. Na kazi hizo zipungue kadiri zamu zinavyorejea, zisisimame siku moja.

Kuna upande mwingine ambao hapa kwetu hausemwi kabisa: kuwazuia watu wasipunguzwe tangu mwanzo. Mwaka 2009 uchumi wa Ujerumani ulinywea kwa zaidi ya asilimia 5, lakini waliokosa kazi hawakuongezeka sana. Sababu mojawapo ni kwamba viwanda vilipunguza saa badala ya kupunguza watu. Mfanyakazi alikwenda kazini siku chache, na serikali ikamfidia sehemu ya mshahara wa saa alizopoteza, karibu asilimia 60, au 67 kwa mwenye watoto. Kilele kilipofika, wafanyakazi karibu milioni moja na nusu walikuwa katika utaratibu huo. Oda ziliporudi, mafundi walikuwa bado wapo kazini.

Sisi NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ina fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita kwa mwanachama aliyetimiza masharti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inampa anayepunguzwa malipo ya angalau siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka kumi. Yote haya yanakuja baada ya mtu kupoteza kazi, na yanamfikia mwenye mkataba. Deiwaka aliyesomwa jina getini kwa miaka na miaka hana mchango hata mmoja. Kwa nini mfuko usiruhusiwe, kipindi cha dhiki kilichotangazwa rasmi, kulipia sehemu ya saa zilizopotea ili kiwanda kibaki na watu wake, kwa sharti kwamba na vibarua wa kudumu waandikishwe? Mwenye kiwanda atapata nafuu, lakini atalipia nafuu hiyo kwa kumtambua mtu anayemkatia samaki.

Najua swali linalokuja: fedha ziko wapi? Nalijibu kwa kutazama kanda yetu. Ziwa likitupa mgongo, Geita hainyamazi. Dhahabu huwa na tabia ya kupanda dunia inapoingia hofu. Agosti 2020, wakati sisi wa samaki tumekaa mikono mashavuni, dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza. Serikali inachukua mrabaha, yaani sehemu yake katika thamani ya dhahabu hiyo, wa asilimia 6. Sehemu ndogo ya mrabaha huo, ikitengwa kila bei inapokuwa juu, ingeweza kulipa ujira wa mawe na mitaro wakati zamu za viwandani zinapokatwa. Chile walifanya hivyo kwa shaba yao: waliweka akiba bei ilipokuwa nzuri, na mwaka 2009 wakaitoa kulinda ajira na kusaidia familia. Zaidi ya hapo, barabara, mitaro na madarasa tutajenga tu, mwaka huu au mwaka kesho. Ninachoomba ni kazi hizo zisogezwe mbele wakati ambapo watu wapo bila kazi, na zijengwe kwa mikono ya watu hao.

Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela huandaa bajeti zao kila mwaka kabla ya Julai. Nawaomba waheshimiwa madiwani wa pande zote mbili wadai katika vikao hivyo orodha ya kazi za mikono kwa kila kata, ikiwa na michoro, gharama na idadi ya watu watakaoajiriwa, na isomwe kwenye mikutano ya mitaa ili kila mkazi aijue. Nawaomba wabunge wetu waulize bungeni kuhusu NSSF na saa zilizopunguzwa. Na mkurugenzi yeyote anayeona jambo hili haliwezekani, namwomba aandike katika ukurasa huu huu atueleze kinachokwamisha ni kipi: sheria, fedha au wataalamu. Tutasoma, na wale wanaokaa kwenye benchi langu mchana nitawasomea.

Mwalimu mstaafu na mama lishe,
Igogo, Mwanza